Shajara ya bango la Isaya 40

6 Januari

Kikao cha darasa la Biblia la watu wazima kimekwisha na nimetoka na mzigo. Wanataka bango la ukutani: Isaya 40, mstari wa 1 mpaka wa 11, kwa herufi za Kiebrania, chini ya kila neno maana yake, na chini kabisa maneno ya Biblia yetu ya Kiswahili kama tunavyoyasoma ibadani. Liwe tayari kabla ya Pasaka. Kiebrania changu ni cha chuo cha Biblia na miaka imepita, lakini ni mimi niliyejibu "inawezekana" kabla sijaulizwa.

Kichwa kimepitishwa papo hapo: "Neno la Mungu wetu litasimama milele". Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akasema haitoshi. Iongezwe "bila kubadilika hata herufi moja". Akatoa na andiko, Mathayo 5:18, yodi moja wala nukta moja. Watu wakapiga makofi. Sikubisha. Naliandika hili ili baadaye nisijidanganye kwamba nilibisha.

9 Januari

Swali la kwanza la kazi: Kiebrania kipi? Nimechagua kodeksi ya Leningrad, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, kwa kuwa ndiyo msingi wa matoleo mengi yanayochapwa leo. Iliandikwa Kairo na Samweli mwana wa Yakobo, mwaka 1008 au 1009, na sasa iko katika Maktaba ya Taifa ya Urusi, St. Petersburg. Hakuna kodeksi kongwe kuliko hiyo iliyobaki na Biblia ya Kiebrania nzima. Ile ya Aleppo ni ya zamani zaidi, ya karibu mwaka 930, ila baada ya ghasia za 1947 kurasa nyingi hazikuonekana tena, karibu Torati yote ikiwemo.

Nimekaa jioni nzima na Wamasora, wale walimu waliotunza maandiko haya, na nimechelewa kulala. Walihesabu herufi. Torati kwa hesabu yao ina herufi 304,805. Waliweka alama pambizoni kuonyesha neno fulani limeandikwa hivi mara ngapi, ili mnakili wa baadaye asije "akarekebisha" kisichohitaji kurekebishwa. Na walipoona neno lina walakini hawakuligusa. Waliliacha kama lilivyoandikwa, wakaweka pambizoni neno la kusomwa badala yake. Jicho linaona hili, kinywa kinasoma lile. Katika Waamuzi 18:30 kuna herufi nuni imening'inia juu ya mstari. Ukiisoma, babu wa yule kuhani wa sanamu ni Manase, usipoisoma ni Musa. Mtu aliona aibu kwa niaba ya Musa. Lakini herufi aliyoiongeza ameiacha ikining'inia hewani, kila mtu aione kwamba imeongezwa.

15 Januari

Neno kwa neno. Mstari wa 8 una maneno manane tu: yavesh khatsir, navel tsits, u-dvar Eloheinu yaqum le-olam. Majani yakauka, ua lanyauka. Bali neno la Mungu wetu litasimama milele. Herufi 32, nimezihesabu mara tatu kwa mtindo wa Wamasora.

Davar ndilo lililonifurahisha. Kwa Kiebrania davar ni neno linalosemwa, na davar ni jambo, kitu, tukio. Nilidhani nitahangaika kulieleza, kumbe Kiswahili kimenitangulia. Mtu wa pwani akikuambia "si neno", hazungumzii msamiati. Akiuliza "pana neno?" anataka kujua kuna jambo gani. Chini ya davar nimeandika "neno" bila maelezo yoyote. Wenye masikio watasikia.

Yaqum, "litasimama", lina uzito zaidi. Mzizi wake ni kuinuka, kusimama, na Kiarabu kinao mzizi huohuo. Kutoka huko sisi tukapata kiyama na kaimu. Nimefuatilia mahali ambapo neno la Mungu "linasimama" kwa kitenzi hiki. Yeremia 44:28, wakimbizi wa Yuda wako Misri, wamemwambia nabii waziwazi kwamba hawamsikilizi, naye anajibu kwamba watajua ni neno la nani litakalosimama, la Mungu au lao. Pale kusimama ni kutimia. Ni kama tunavyosema hoja ya mtu imesimama. Suala la wino uliokauka juu ya ngozi usiguswe halimo kabisa katika kitenzi hiki.

Zaburi 119:89 inatumia kitenzi kingine, nitsav, limesimikwa, tena inasema limesimikwa mbinguni. Haisemi katika kodeksi. Nimekizungushia duara hicho kwa penseli.

18 Januari

Umeme hakuna.

22 Januari

Programu ya kuchora haijui kwamba Kiebrania kinaanzia kulia. Nikibandika mstari, herufi zinajipanga kinyume: neno la mwisho linakuwa la kwanza, tena na lenyewe limepinduka tumbo juu. Siku mbili zimepotea. Mwishowe nimeandika kila neno katika kisanduku chake na kuvipanga visanduku kwa mkono, kulia kwenda kushoto, jumla visanduku zaidi ya mia. Irabu, zile nukta na vistari vya chini, zinahama zikipata nafasi. Nimeanza kuwaelewa Wamasora kwa mgongo.

2 Februari

Leo kazi imesimama, na si kwa umeme.

Nilitaka picha moja tu ya Gombo Kuu la Isaya ya kupamba pembe ya bango. Gombo hilo lilitoka katika pango la kwanza la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mikononi mwa wachungaji wa Kibedui wa kabila la Ta'amireh, mwaka 1947. Ni ngozi 17 zilizoshonwa pamoja, urefu mita 7.34, safu 54, Isaya nzima sura 66. Linakadiriwa kuwa la karne ya pili kabla ya Kristo, maana yake limeitangulia kodeksi ya Leningrad kwa zaidi ya miaka 1,100. Mwaka 1954 lilinunuliwa New York pamoja na magombo mengine matatu kwa dola 250,000, baada ya tangazo dogo katika gazeti la Wall Street Journal, kama mtu anayeuza jokofu. Leo picha zake ziko wazi mtandaoni, safu kwa safu.

Sehemu kubwa ya sura ya 40 iko safu ya 33. Nikasema nichukue palepale kwenye mstari wetu. Nikaukuza. Mstari wetu haujakaa sawa. Kuna maandishi madogo yamebanwa juu ya mstari, kwa mkono mwingine, kisha yanageuka na kuteremka pambizoni kushoto kama mchwa wanaoshuka ukutani.

Nimechukua saa nzima kuyaelewa. Mnakili wa kwanza aliandika: yavesh khatsir, navel tsits, u-dvar Eloheinu yaqum le-olam. Basi. Mstari wa 7 na wa 8 vyote vinaanza na maneno yaleyale, majani yakauka, ua lanyauka. Kwake maneno hayo yapo mara moja tu. "Kwa sababu pumzi ya BWANA yapita juu yake, yakini watu hawa ni majani" haimo, wala marudio yanayofuata hayamo. Kwa hesabu ya kodeksi yangu ni maneno 12. Baadaye akaja mtu mwingine, akaona pengo, akalijaza juu ya mstari na pambizoni.

Katika sura zote 66, pengo hili liko kwenye mstari unaosema neno la Mungu litasimama milele.

Nimefunga kompyuta. Nimetoka nje nikakaa barazani.

5 Februari

Nimerudi kwenye safu ya 33 nikiwa na chai na moyo mtulivu.

Yule aliyejaza pengo hakuliandika jina la Mungu. Mahali pa herufi nne za Jina hilo kwa Kiebrania aliweka nukta nne tu. Watafiti wanaitambua kalamu yake: ndiyo iliyoandika kanuni ya jumuiya, gombo jingine la pango hilohilo, na humo anaponukuu Isaya 40:3, "itengenezeni jangwani njia ya", anaweka tena nukta nne. Kwa hiyo ninamjua kidogo. Ni mtu aliyeogopa kuliandika Jina lakini hakuogopa kumsahihisha mwenzake mbele ya watu. Na mwenzake huyo, kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, uliotoka 2021, si yule aliyeanza gombo. Mikono imebadilika baada ya safu ya 27, ingawa mwandiko unafanana mno kwa macho ya kawaida.

Mambo mengine madogo kutoka safu hiyo na jirani zake. Gombo linapenda kujaza herufi vavu na alefu ambapo kodeksi inabana: lo ya kukanusha inaandikwa kwa herufi moja zaidi, ki, yaani "kwa sababu", vilevile mara nyingi. Ikiwa tunahesabu yodi na nukta kama Mzee anavyotaka, tumeshindwa kabla ya kufika katikati ya ukurasa. Maana haijaguswa, lakini herufi zimeguswa sana.

Kisha kuna mstari wa 6, ambao ni kinyume chake. Sauti yasema, Lia! Halafu nani anajibu? Kodeksi: "naye akasema". Gombo: "nikasema". Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, nayo: nikasema. Na sisi kwa Kiswahili tunasoma "nikasema, nilie nini?" bila kujua kwamba tumesimama upande wa gombo. Hapa konsonanti za kodeksi zinakubali kusomwa vyote viwili. Ni irabu tu, zilizotiwa karne nyingi baadaye, ndizo zilizoamua. Herufi za kodeksi hazikubadilika hata moja, lakini aliyesema amebadilika.

Nimeliacha hili kwenye shajara. Bango halina nafasi.

10 Februari

Nilidhani nimeelewa: jicho la mnakili liliruka kutoka "ua lanyauka" la kwanza hadi la pili. Kila aliyewahi kunakili kitu anajua jicho hufanya hivyo. Leo nimefungua Septuaginta ya Isaya 40 nikitafuta uthibitisho, na nayo inayo ileile fupi. Majani yalikauka, ua likaanguka, bali neno la Mungu wetu ladumu milele. Pumzi ya BWANA haimo.

Kisha nikakumbuka Petro. 1 Petro 1:24-25: "Majani hukauka na ua lake huanguka, bali neno la Bwana hudumu hata milele." Nimeusoma mstari huu mazikoni mara ngapi? Sikuwahi kuona kwamba Petro naye ananukuu ile fupi.

Kwa hiyo wataalamu wamegawanyika. Wako wanaosema macho mawili tofauti yaliruka pahali pamoja, jambo linalowezekana kabisa, maana mtego ni mmoja. Wako wanaosema fupi ndiyo ya zamani, na "yakini watu hawa ni majani" ilianza kama maelezo ya msomaji pambizoni, ikaingia ndani kwa mlango wa nyuma. Mimi naegemea upande wa jicho kuruka. Isaya anapenda kurudia, sura yenyewe inaanza "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo", na mstari wa 8 unapata nguvu zake kwa kuturudisha kwenye majani mara ya pili, tukiwa tumeshaambiwa majani ni sisi. Lakini hiyo ni hoja ya sikio, na siwezi kuapa kwayo.

12 Februari

Nimeyapeleka darasani. Nilichora ubaoni mstari, mkono wa pili, nukta nne, mchwa wanaoshuka. Kimya. Kisha Bibi mmoja wa kwaya akauliza, "Mwalimu, huyo aliyeandika pembeni, kwa nini hakutupa ngozi ile akaanza upya?"

Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba ngozi ni ghali. Bibi akatikisa kichwa. "Nikikosea mshono siutupi mkeka."

Mzee hakusema kitu. Alinakili mchoro wangu kwenye daftari lake, pamoja na nukta nne.

19 Februari

Kijana mmoja kauliza kuhusu Ninawi, na swali ni la haki. Mungu alisema siku arobaini mji utaangamizwa, siku zikapita, mji upo. Hilo neno lilisimama wapi? Akasoma na Malaki 3:6, "mimi, BWANA, sina kigeugeu", kwa sauti ya wakili.

Nilimwonyesha kitenzi cha Yona 3:4. Kiebrania ni nehpakhet, kutoka hafakh, kupindua au kugeuza. Ndicho kilichotumika kwa Sodoma, lakini ndicho pia cha moyo uliogeuka. Yona alitangaza Ninawi utapinduliwa, na ukapinduka: mfalme akashuka kitini akakaa majivuni. Kiswahili kwa kusema "utaangamizwa" kimefunga mlango mmoja kati ya miwili. Kijana akasema hiyo ni hila. Inawezekana, Yona mwenyewe alikasirika kama mtu aliyechezewa. Nikamsomea Yeremia 18:7-10, ambapo Mungu anasema kabisa kwamba tishio lake kwa taifa linangoja taifa hilo litafanya nini. Tukaachana hapo, hajaridhika, na wiki ijayo ameahidi kurudi na 1 Samweli 15, ambapo Mungu anajuta katika mstari wa 11 na hajuti katika mstari wa 29. Namsubiri kwa hofu ya kweli.

Ya bango: visanduku vyote vimekwisha. Nimeongeza kwenye mstari wa 7, kwa rangi ya kijivu, alama ndogo kuonyesha wapi gombo lilipungua. Kichwa bado ni kile cha kikao, na nyongeza yake. Nilipanga kuomba liondolewe lile la herufi moja. Kila Jumapili nasema wiki ijayo.

4 Machi

Kazi imepelekwa steshenari kwa kuchapwa, mita 2 kwa 1. Kijana wa kompyuta kanitumia picha kwa simu niithibitishe. Nikakagua Kiebrania neno kwa neno, irabu kwa irabu, nusu saa nzima kwenye kioo kidogo. Safi. Nikajibu: chapa.

11 Machi

Bango limefika. Zuri. Tumelitandaza juu ya meza ukumbini, na pembeni nikavuta kamba ya mita 7.34 kutoka madhabahuni watu waone urefu wa gombo. Imepita safu zote za viti vya mbele na kuzunguka nguzo. Watoto wakaanza kuiruka.

Mzee akaja, tukaamkiana, akavaa miwani. Hasomi Kiebrania. Alisoma Kiswahili cha chini kwa sauti, kidole kikifuata, ingawa nadhani alikuwa akikariri tu. Akafika mwisho wa mstari wa 6, akaendelea, akasimama. Akarudi.

"Mwalimu. Pumzi ya BWANA iko wapi?"

Nikaangalia. Majani yakauka, ua lanyauka, bali neno la Mungu wetu litasimama milele. Mstari wa 7 haupo. Na namba zimepangwa upya kwa adabu, 6, 7, 8, mpaka 10.

Nimempigia kijana wa steshenari. Hakuwa na ubaya wowote. Aliona mistari miwili inaanza sawasawa, akadhani nimebandika mara mbili kwa bahati mbaya, akanisaidia. "Nilijua umekosea, Mwalimu." Nami, niliyekagua nukta za Kiebrania kwa nusu saa, Kiswahili sikukitazama kabisa. Lugha niliyoijua ndiyo niliyoiamini.

Kwa hiyo sasa ninaye mnakili wa tatu, na nadharia ya tatu. Huyu hakuruka kwa jicho wala hakurithi maandishi mafupi. Alikuwa anasahihisha.

Fedha ya kuchapa upya hakuna. Nimeketi juu ya kamba yangu ya mita 7.34.

14 Machi

Mzee kaja na kalamu ya wino mzito na rula. Hakuniuliza. Ameandika mstari wa 7 kwa mwandiko wake wa ubaoni, ule wa walimu wa zamani, herufi zimenyooka kama magereza, juu ya mstari uliochapwa. Nafasi ilipokwisha akageuza na kuteremka pambizoni kushoto. Alipofika kwenye Jina akanitazama. Nikamwambia sisi tunaliandika BWANA, aliandike. Akaliandika kwa herufi kubwa. Namba amezikata kwa mstari mmoja kila moja na kuweka sahihi juu yake. Za zamani bado zinasomeka.

Kisha akainua macho mpaka kichwani, kwenye "bila kubadilika hata herufi moja", yamechapwa kwa rangi nyekundu, makubwa kuliko yote. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Bango limetundikwa. Maneno yale ya kichwani tumeyafunika kwa utepe mweupe, kwa ushauri wake. Utepe ni mwembamba. Ukisimama karibu, hasa saa nne asubuhi jua likiingia kwa dirisha la mashariki, yanaonekana.